Kabla hujauza shamba kununua vidonge vya ini

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: mgonjwa wa saratani ya ini ameambiwa hawezi tena kupasuliwa, sasa anywe dawa gani, itagharimu kiasi gani, na itamsaidia nini? Majibu yetu yanahusu saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, ambayo kwetu chanzo chake mara nyingi ni virusi vya homa ya ini B au C, pombe, au sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ya kwenye mahindi na karanga. Saratani iliyoanzia kwenye titi au utumbo mpana ikafika kwenye ini hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: imeanzia wapi? Dozi tunazotaja ni za watu wazima. Zitumieni kuelewa mliyoandikiwa na kuuliza maswali, si kujiandikia dawa.

Shikamooni. Baba yangu ana miaka 47. Picha ya CT imeonyesha vimbe kadhaa kwenye ini na saratani imeshaingia kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Ameandikiwa sorafenibu, na wajomba wamekubaliana tuuze ekari mbili tununue dawa ya miezi sita. Macho yake ni ya njano, tumbo limejaa maji, lakini anaongea vizuri na akili iko sawa. Majibu ya damu: bilirubini 61, albumini 26, INR 1.5. Tuuze? — Binti wa mgonjwa, Sengerema

Marahaba, na pole sana. Msiuze bado. Majibu uliyotutumia yanatosha kufanya hesabu ambayo kila familia ingepaswa kufanyiwa kabla ya kuandikiwa dawa hii. Hesabu hiyo inaitwa Child-Pugh, na inapima nguvu iliyobaki kwenye ini, si ukubwa wa saratani.

Inahesabiwa hivi. Bilirubini, yaani rangi ya njano iliyomo kwenye damu, ikiwa chini ya 34 ni alama 1, kati ya 34 na 51 ni alama 2, zaidi ya 51 ni alama 3. Albumini, yaani protini inayotengenezwa na ini, zaidi ya 35 ni alama 1, kati ya 28 na 35 ni 2, chini ya 28 ni 3. INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu, chini ya 1.7 ni 1, hadi 2.3 ni 2, ikizidi hapo ni 3. Tumbo lisilo na maji ni alama 1, maji kidogo ni 2, maji mengi ni 3. Akili timamu ni 1, kuchanganyikiwa kidogo au usingizi wa mchana usio wa kawaida ni 2, kuchanganyikiwa sana au kupoteza fahamu ni 3. Jumla ya 5 au 6 ni kundi A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Angalieni vizio kwenye karatasi ya maabara: namba tulizotumia ni mikromoli kwa lita kwa bilirubini na gramu kwa lita kwa albumini. Maabara nyingine huandika miligramu kwa desilita, na hapo mpaka wa 34 unasomeka 2 na wa 51 unasomeka 3.

Baba anapata 3 kwa bilirubini, 3 kwa albumini, 1 kwa INR, 1 kwa akili, na kama maji ni mengi kama ulivyoeleza, 3 tena. Jumla ni 11. Yuko kundi C, na sorafenibu haikutengenezewa ini la namna hiyo.

Sorafenibu haiyeyushi uvimbe. Inabana ukuaji wa mishipa mipya ya damu inayoulisha na kupunguza kasi ya saratani. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2008, ambao ndio uliifanya dawa hii ikubalike duniani, nusu ya waliomeza dawa walivuka miezi 10.7 wakiwa hai, na nusu ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walivuka miezi 7.9. Uvimbe ulisinyaa kwa kiwango cha kupimika kwa wagonjwa 2 tu katika kila 100. Utafiti wa pili, uliofanyika nchi za Asia ambako homa ya ini B imeenea kama kwetu, ulichapishwa 2009 na kuonyesha miezi 6.5 dhidi ya 4.2. Na karibu wagonjwa wote wa tafiti hizo walikuwa kundi A. Baadaye zilipokusanywa kumbukumbu za wagonjwa wa kawaida wa nchi nyingi waliotumia dawa hiyo, nusu ya wa kundi A walivuka miezi 13.6, wa kundi B miezi 5.2, na wa kundi C miezi 2.6. Ini likishachoka, ndilo linaloamua urefu wa maisha kuliko saratani yenyewe, na dawa hii huongeza uchovu, kuharisha na kutokwa damu.

Lakini kundi C si lazima liwe la kudumu. Baadhi ya mambo yanayoangusha ini yanarekebishika, na hayo ndiyo ya kushughulikia wiki hii. Baba apimwe homa ya ini B. Akikutwa nayo, aanzishiwe tenofoviri au entekaviri, dawa za kudhibiti virusi hivyo, mara moja. Maji ya tumboni yachukuliwe kidogo kwa sindano yapimwe kama yana maambukizi, kwa sababu maambukizi hayo huua haraka na hutibiwa kwa antibayotiki. Altrasaundi iangalie kama njia ya nyongo imezibwa na uvimbe. Ikiwa imezibwa, umanjano unaweza kupungua kwa kuweka kijimrija cha kupitishia nyongo katika hospitali yenye uwezo huo. Aache pombe na dawa zote za mitishamba. Rudieni vipimo baada ya wiki mbili hadi nne. Alama zikishuka hadi 7 au chini, na akawa anatembea na kujihudumia mwenyewe, rudini kwa daktari wa saratani mzungumze upya juu ya vidonge. Zisiposhuka, fedha ya shamba itamfaa zaidi kwa chakula, nauli, dawa za maumivu na tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso. Mahitaji hayo hayafiki ekari mbili.

Umri wa baba si wa ajabu, kwa huzuni. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa 2017, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuta kwamba ukiitoa Misri, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 45, nusu walifariki ndani ya miezi 2.5, na ni asilimia 3 tu waliopata tiba yoyote ya kupambana na saratani yenyewe. Nchini Misri asilimia 76 walitibiwa.  Pengo hilo kwa sehemu kubwa linatokana na kuchelewa kugundua na kukosa huduma, na ndiyo sababu tumelijibu swali lako kwa urefu.

Mume wangu yuko kundi A, bado anaenda kazini. Daktari ameandika sorafenibu vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Duka moja lina ya kampuni ya asili, jingine lina ya India kwa bei ndogo sana. Nahofia ya bei rahisi ni feki. — Mama watoto, Thika

Bei ndogo peke yake si dalili ya ufeki. Machi 2012 serikali ya India ilimlazimisha mwenye hataza (haki ya pekee ya kuitengeneza dawa), kampuni ya Bayer, aruhusu kampuni ya Natco itengeneze dawa hiyo hiyo. Vidonge 120 vya Nexavar, jina la kibiashara la sorafenibu ya Bayer, ambavyo ni dozi kamili ya mwezi, vilikuwa vikiuzwa karibu rupia 280,000. Natco ilitakiwa kuviuza kwa rupia 8,880. Tofauti ilikuwa ya hataza, si ya kiambato. Tangu hapo watengenezaji wameongezeka, na dawa ya jina la kawaida ikishasajiliwa nchini ni halali kabisa kuitumia.

Unachopaswa kukagua ni usajili. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Tanzania ni TMDA, Uganda ni NDA. Nunua kwenye duka lenye leseni, dai risiti yenye namba ya toleo la dawa, hakikisha vidonge viko kwenye karatasi zake zilizofungwa, vina miligramu 200 kila kimoja, na tarehe haijaisha. Vidonge vinavyohesabiwa kutoka kwenye kopo na kutiwa kwenye bahasha usivinunue, wala vile vinavyoletwa na mtu wa mtandaoni asiye na duka.

Sasa ushauri wa fedha. Usinunue dawa ya miezi mitatu kwa mkupuo hata ukipewa punguzo. Wagonjwa wengi hupunguziwa dozi au kusimamishwa ndani ya wiki sita za mwanzo, na duka halirudishi vidonge vilivyotoka. Nunua ya wiki mbili kwanza. Pia muulize daktari kama anaweza kuanza na nusu dozi, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kisha aongeze baada ya wiki mbili mwili ukihimili. Kumbukumbu za wanajeshi wastaafu karibu 5,000 wa Marekani, zilizochapishwa 2017, zilionyesha kwamba walioanzia chini hawakuishi muda mfupi kuliko walioanza na dozi kamili, na walitumia vidonge vichache zaidi. Si jaribio la kulinganisha kwa bahati nasibu, lakini kwa familia inayolipa kutoka mfukoni tunaliona pendekezo la haki. Kama mna SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, fuatilieni kibali kabla ya kununua chochote, kwa sababu huduma ya saratani ina kikomo cha mwaka kwa kaya na ulizeni kama vipimo vya CT vinahesabiwa humo humo.

Dawa inywewe kwa maji, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Chakula chenye mafuta mengi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kuimeza juu ya chapati na supu ya mifupa ni kuitupa. Akisahau dozi, asimeze maradufu. Aendelee na inayofuata.

Wiki ya tatu ya sorafenibu nyayo zimevimba, zina malengelenge, hawezi kukanyaga. Ameacha dawa mwenyewe. Pia anaharisha. — Mkewe, Dodoma

Kuacha kwa siku chache si kosa. Kosa ni kuacha kimya kimya na daktari akadhani dawa imeshindwa. Malengelenge haya ndiyo tatizo la kwanza la dawa hii, na kwa kawaida hutokea ndani ya wiki sita za mwanzo mahali panapobanwa au kusuguliwa: kisigino, chini ya vidole, viganja. Kwa mtu anayelima au kuvaa kandambili ngumu huwa kali zaidi, kwa kuwa sugu zilizokuwepo tangu zamani ndizo zinazopasuka.

Akiwa hawezi kutembea, dawa isimame walau siku saba hadi ngozi itulie, kisha arudi kwa dozi ya chini. Ngazi za kushuka zinajulikana: kutoka miligramu 800 kwa siku hadi 400 kwa siku, halafu 400 siku moja na kuruka siku inayofuata. Kama ni wekundu na ganzi tu, bila maumivu ya kumzuia kazi, dawa huendelea. Malengelenge msiyapasue. Aloweke miguu kwenye maji ya baridi, si ya moto, akaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, apake krimu ya yurea ya asilimia 10 mara tatu kwa siku, avae soksi za pamba na viatu laini vyenye nafasi. Krimu hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ini wanaotumia sorafenibu na kupunguza tatizo hili ilipoanzwa pamoja na dawa, kwa hiyo anayeanza leo asisubiri malengelenge. Duka likikosa yurea, mafuta mazito ya mgando yanalainisha ngozi, ingawa hayalingani nayo. Jembe na ndoo nzito apumzike navyo.

Kuharisha kwake: ORS baada ya kila choo cha maji, na loperamidi miligramu 4 kwanza kisha 2 kila anapoharisha, isizidi 16 kwa siku. Kukiwa na damu au homa, loperamidi isitumike na aende hospitali.

Presha nayo haionekani kwa macho. Ipimwe kila wiki kwa wiki sita za mwanzo. Ikivuka 140 kwa 90 mara mbili, daktari huongeza amlodipini, au kavedilolo ambayo pia hupunguza msukumo kwenye mishipa ya koo la chakula. Mgonjwa mwenye maji tumboni asianzishiwe dawa nyingine za presha kama losatani au enalaprili kwa mazoea, maana figo zake ziko ukingoni. Choo kikiwa cheusi kama lami au akitapika damu, vidonge visimame siku hiyo hiyo na safari ya hospitali isisubiri asubuhi.

Kama sorafenibu itamshinda kabisa, kuna lenvatinibu, vidonge vinavyomezwa mara moja kwa siku. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba haizidiwi na sorafenibu: miezi 13.6 dhidi ya 12.3. Tatizo la ngozi ni dogo zaidi, presha ni kubwa zaidi, na mkojo lazima upimwe protini mara kwa mara. Dozi hufuata uzito: chini ya kilo 60 ni miligramu 8, kuanzia kilo 60 ni miligramu 12. Mwenye maji tumboni mizani inamdanganya, kwa sababu lita nane za maji ni kilo nane zisizo za mwili wake. Mkumbusheni anayeandika dozi.

Assalaam aleikum. Ndugu yetu aliyeko Muscat anasema huko wanatumia dripu za kuamsha kinga ya mwili badala ya vidonge. Tukichanga ukoo mzima, zinafaa kwa mzee wetu? — Mombasa

Waaleikum salaam. Ndugu yenu amesema kweli. Tangu 2020 chaguo la kwanza kwa wenye uwezo ni dripu mbili zinazotolewa pamoja kila wiki tatu: atezolizumabu miligramu 1,200 na bevasizumabu miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 900 za hiyo ya pili. Nusu ya waliopewa dripu hizo walivuka miezi 19.2, na waliopewa sorafenibu miezi 13.4. Njia nyingine, iliyochapishwa 2022, ni tremelimumabu miligramu 300 mara moja tu, pamoja na duvalumabu miligramu 1,500 kila wiki nne. Baada ya miaka mitatu wagonjwa 31 katika 100 walikuwa hai, dhidi ya 20 wa sorafenibu. Kuna watu wachache wanaonufaika kwa miaka, jambo ambalo vidonge havijawahi kulitoa kwa kiwango hicho.

Kabla ya mchango, masharti manne. Mzee awe kundi A. Hesabu iko kwenye jibu la kwanza. Amulikwe tumbo kwa kamera, ndani ya miezi sita kabla ya kuanza, kwa sababu bevasizumabu huzidisha hatari ya kutokwa damu kwenye mishipa iliyovimba ya koo, na mishipa hiyo ikionekana ifungwe kwanza kwa mipira. Asiwe na ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, wala kiungo alichopandikizwa. Na hospitali iwe na uwezo wa kutambua kinga iliyopotoka, yaani homa ya mapafu isiyo na vijidudu, kuharisha kupita kiasi, ini kuungua, tezi ya shingo kulala, na kuitibu kwa dozi kubwa ya predinisoloni. Bila hilo la mwisho, dripu ya gharama kubwa inaweza kumuua mtu ambaye angeishi.

Swali la fedha ni gumu zaidi. CT ya kuangalia matokeo hufanyika kati ya wiki ya 9 na ya 12, maana yake baada ya dripu tatu au nne. Mchango unaotosha dripu moja au mbili haununui jibu lolote. Bora vidonge vinavyoweza kulipiwa mwaka mzima kuliko dripu zitakazokatika katikati. Mtasikia pia kwamba India wanatumia dozi ndogo za dawa za kinga. Ni kweli kwa saratani za kichwa na shingo, ambako miligramu 20 za nivolumabu kila wiki tatu zilisaidia wagonjwa wasiomudu dozi kamili. Kwa ini, hayo bado si matibabu ya kawaida. Mkipewa pendekezo hilo, ulizeni kama ni sehemu ya utafiti uliosajiliwa wenye kibali cha maadili.

Mgonjwa wetu yuko kwenye dawa za kifua kikuu, mwezi wa pili. Anaweza kuchanganya na sorafenibu? — Kigoma

Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza sorafenibu mwilini kwa karibu asilimia 37, hivyo mtalipia vidonge vinne na mwili kupata kama viwili na nusu. Kuongeza dozi kienyeji si suluhisho, na kuacha dawa za kifua kikuu ni hatari kwake na kwa nyumba nzima. Lenvatinibu haiathiriwi sana na rifampisini, kwa hiyo mwulizeni daktari kuhusu hiyo. Aidha, isoniazidi na pirazinamidi zote huumiza ini, kwa hiyo kliniki ya kifua kikuu lazima ijue kuna saratani ya ini ili wabadilishe mchanganyiko ikibidi. Dawa za kifafa za fenitoini na kabamazepini zina tabia ile ile ya rifampisini. Neomaisini, inayotolewa wakati mwingine kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, hupunguza sorafenibu kwa zaidi ya nusu. Dawa za VVU zenye dolutegraviri hazina mgogoro huo.

Hospitali ya rufaa haina sorafenibu. Wamempa tamoksifeni, na wanasema wataanza dripu ya doksorubisini. Ni sahihi? — Mwalimu, Kisii

Tamoksifeni ni dawa ya saratani ya titi; kwa saratani ya ini ingepaswa kuachwa. Utafiti wa Italia wa 1998 wenye wagonjwa karibu 500 haukuona faida yoyote, na ule wa Asia wa 2002 uliona wagonjwa wa dozi kubwa wakifa mapema zaidi. Inaendelea kuandikwa kwa sababu ni rahisi kupatikana, na hilo halitoshi.

Doksorubisini, ambayo ni dawa ya kemo, haijawahi kuthibitishwa kurefusha maisha ya mgonjwa wa saratani ya ini iliyosambaa, na inatolewa nje ya mwili kupitia ini. Bilirubini ikiwa kati ya miligramu 1.2 na 3 kwa desilita, dozi hukatwa nusu; kati ya 3 na 5, hubaki robo; ikizidi 5, haitolewi. Mgonjwa akipewa dozi kamili na macho ni ya njano, chembe nyeupe za damu huporomoka na maambukizi humwondoa. Mchanganyiko wa oksaliplatini, fluorourasili na folini ulijaribiwa Asia na kuchapishwa 2013: miezi 6.4 dhidi ya 5 ya doksorubisini, tofauti ambayo kitakwimu ilikuwa ukingoni. Kwa mgonjwa wa kundi A mwenye nguvu, kwenye hospitali inayopima damu kila mzunguko, ni jambo la kujadiliwa. Kwa aliyedhoofika, kutompa kemo ni uamuzi wa kitabibu wenye heshima, na mwalimu usione aibu kuuliza waziwazi: "Mkiacha, atapoteza nini?"

Mume wangu alikuwa akimeza tenofoviri ya homa ya ini B. Sasa amepata saratani, kuna haja gani ya kuendelea? — Morogoro

Haja ni kubwa kuliko mwanzo. Akiacha, virusi hurudi kwa kishindo na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache, na hapo nafasi ya sorafenibu au dripu inapotea. Aendelee na miligramu 300 kila siku, figo zipimwe kila baada ya miezi michache. Kwa bei, hiki ndicho kidonge chenye faida kubwa kuliko vyote tulivyovitaja ukurasa huu. Mwenye VVU anayetumia kidonge cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri anatibiwa homa ya ini B humo humo. Asibadilishiwe bila tenofoviri kubaki.

Nawe, watoto, na ndugu zake wa tumbo moja mpimwe. Asiye na virusi wala kinga achanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Atakayekutwa na virusi aandikishwe kliniki, na mtu mzima mwenye hatari kubwa afanyiwe altrasaundi kila miezi sita, kwa sababu uvimbe wa sentimita mbili unaweza kutolewa au kuchomwa. Na mahindi ya nyumbani yakaushwe vizuri juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Hao waliona athari ya haraka. Anayeila kidogo kidogo huku ana homa ya ini B hujenga saratani.

Daktari amesema hakuna tena dawa ya saratani kwa mama. Analia usiku kwa maumivu ya ubavu, tumbo limejaa. Tunampa diklofenaki. — Makueni

Poleni sana. Diklofenaki na ibuprofeni ziacheni leo; zinatoboa tumbo kwa vidonda, zinaua figo, na damu ya mama haigandi vizuri. Parasetamoli inaruhusiwa, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Anachohitaji mama ni morfini ya kunywa. Kwa ini lililochoka huanzia miligramu 2.5 kila saa 6 hadi 8, badala ya 5 kila saa 4 kama wagonjwa wengine, kisha hupandishwa taratibu. Ipimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na someni lebo kila mnapopewa chupa mpya: ipo yenye miligramu 5 katika mililita 5, na ipo yenye 50 katika mililita hizo hizo. Kosa hapo ni la mara kumi. Morfini hufunga choo, na choo kikifunga sumu hupanda kichwani, kwa hiyo itolewe pamoja na laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu, lengo likiwa choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Mkiona analala mchana kutwa au anachanganya majina ya watoto, ongezeni laktulosi na mpigieni mhudumu kabla ya dozi inayofuata. Maumivu ya ubavu yanayotokana na ngozi ya ini kutanuka hupungua pia kwa deksamethasoni miligramu 4 asubuhi, na hamu ya kula hurudi kidogo.

Matibabu ya maji ya tumboni huanza na dawa za kukojoza, spironolaktoni miligramu 100 na furosemidi 40 asubuhi, chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Kama miguu haijavimba, uzito usishuke zaidi ya nusu kilo kwa siku. Tumbo likimbana kupumua, maji hutolewa kwa sindano, na mahali pasipo na albumini ya dripu ni salama zaidi kutoa chini ya lita tano kwa safari moja na kurudia. Homa au maumivu ya tumbo zima kwa mtu mwenye maji ni maambukizi hadi vipimo viseme vingine. Maumivu makali ya ghafla pamoja na tumbo kujaa kwa saa chache na jasho baridi ni dalili ya uvimbe kupasuka ndani.

Msimnyime maharage, mayai wala samaki kwa imani kwamba protini ni sumu. Ale kidogo kidogo mara tano au sita, na uji kabla ya kulala, maana usiku mrefu bila chakula humla misuli. Hospitali ya kaunti ikisema haina morfini, ombeni barua ya rufaa kwenda kitengo cha tiba shufaa kilicho karibu. Mkifika, ulizeni kama ndugu anaweza kurudi peke yake kuchukua chupa inayofuata ili mama asibebwe tena barabarani.